Karatasi ya Ngamia

Kwetu, mtu akikuuliza umezaliwa wapi, humtajii mahali mama yako aliposhikwa na uchungu. Hayo ni mambo ya wanawake na hayasemwi mbele ya meza ya mtu. Unamtajia visima vya baba yako, vile ambavyo ukoo wake huvitegemea kunywesha ngamia wakati wa kiangazi, na akishavisikia amekujua: watu wako ni nani, heshima yako ni ipi, na kama akukaribishe chai au akuache upite. Ndivyo nilivyolelewa. Basi karani aliponiuliza swali hilo, nikiwa na mtoto wa miezi mitano kifuani na hasira ya kusimama kwenye mstari tangu asubuhi, nilimjibu kichwa kikiwa juu. Nilimtajia visima vya baba.

Visima hivyo sijaviona kwa macho yangu mpaka leo. Viko ng'ambo ya mpaka.

Ilikuwa Garissa, wakati wa vita. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wengi wa watu wetu walitaka kaskazini yetu iende na Somalia, serikali ikakataa katakata, bunduki zikaanza kulia porini. Sisi wa mjini tukaishi kwa vibali. Kibali cha kusafiri, kibali cha kupitisha mbuzi, kibali cha kwenda kumzika shangazi. Jua likikaribia kuzama, kila mtu ndani. Kisha ikatoka amri kwamba wote twende ofisi ya wilaya tukaandikwe, ijulikane nani ni wa Kenya na nani ni mgeni.

Mume wangu aliandikwa kwa dakika chache tu. Alizaliwa Garissa, na baba yake alizaliwa Garissa, na duka lake la sukari, majani ya chai na vitambaa lilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini hapo. Alitoka na karatasi yake, akanisubiri kivulini akinichekea. Alijua nachukia foleni.

Karani alikuwa kijana wa bara, shati safi, wino kwenye kidole gumba. Kwa miaka mingi nimeutafuta ubaya wake, ili nipate pa kuweka hasira yangu, na sijaupata wa kutosha.

"Hivyo visima viko nchi gani, mama?" aliuliza.

Kiswahili changu siku hizo kilikuwa cha sokoni. "Fisima ya baba," nilimwambia. "Iko kwa baba."

Akamgeukia askari mmoja wa watu wetu aliyesimama mlangoni. Askari akamwambia jina la nchi. Hakusema uongo, maskini, aliulizwa visima viko wapi akajibu. Karani akaandika. Kalamu ilikwaruza kidogo tu, hata mtoto hakuamka.

Kisha afisa, mtu mzima mwenye miwani, akaisoma ile fomu kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Mume, raia. Mtoto, raia. Mama, mgeni aliyeingia bila kibali. Nilikuwa na siku thelathini kuleta ushahidi wa kupinga hayo, la sivyo ningepandishwa lori la serikali mpaka mpakani.

"Na mtoto?" nilimuuliza.

"Mtoto anaweza kubaki na baba yake," alijibu. Alisema kwa upole, kama mtu anayenipunguzia mzigo.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na kwa kawaida nina jibu kabla swali halijaisha. Siku hiyo nilisikia maziwa yakinitoka yenyewe na kulowesha nguo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki.

Nyumba yetu ilikuwa upande ule ambao leo unaitwa Waberi. Tulitembea mpaka nyumbani, tukafunga mlango. Ndipo mume wangu akaniuliza, taratibu, "Kwa nini hukusema Modogashe?"

Kwa sababu niliona haya. Huo ndio ukweli. Mimi nilizaliwa Modogashe, ndani ya boma la serikali. Enzi za Mwingereza kulikuwa na mstari wa malisho hapo. Wasomali upande huu, Waborana upande ule, na mifugo ikivuka mstari inakamatwa. Baba yangu alivuka, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha upande ule na ngamia hawajui mstari. Wakamkamata yeye, ngamia wake wote, na mama yangu aliyekuwa amebakiza siku chache. Wakawekwa ndani ya ua wa miiba kungoja hukumu, na mimi nikazaliwa humo. Katika ukoo wetu jambo hilo halikutajwa. Nililijua kwa minong'ono ya wanawake tu. Sasa ungetaka nisimame mbele ya watu mia, nimwambie kijana wa bara kwamba nilizaliwa kizuizini?

"Ningekuwa mimi ningesema," mume wangu alisema.

"Wewe huna aibu, wewe ni mtu wa duka."

Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikamwegemea naye akanishika.

Kesho yake nilirudi kwa karani. Nikamweleza yote: visima, heshima, boma, ua wa miiba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, jana ulizaliwa kule," alisema. "Leo, baada ya kusikia habari ya lori, umezaliwa huku. Hata wewe ungekuwa hapa nilipo, ungeandika nini?"

"Jana nilijibu kwa hishima. Leo najibu kwa kweli."

"Basi niletee kweli iliyoandikwa. Au mashahidi wawili waliokuona ukizaliwa."

Mkunga alikwisha kufa. Mama yangu alikwisha kufa. Mume wangu akauliza kama mke hawezi kuandikwa kwa uraia wa mumewe. Karani akasema inawezekana, sheria inaruhusu, ila yatakiwa maombi, na maombi hupelekwa Nairobi, na Nairobi hujibu kwa wakati wake, na mwombaji aliyeingia bila kibali hungoja jibu akiwa nje ya nchi. Na cheti cha ndoa kiko wapi? Hatukuwa na cheti. Tulikuwa na sheikh aliyetuozesha, Mungu amrehemu, na watu waliokula pilau.

Siku zikaanza kwenda. Nilikuwa sijui kusoma, lakini niliijua tarehe ya lori kuliko mtu yeyote mjini.

Asubuhi moja niliingia dukani nikamkuta mume wangu amempakata mtoto nyuma ya magunia, anamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Nusu ilikuwa kwenye ndevu zake. Mtoto alikuwa ametapakaa hadi masikioni, anakunja uso kama bibi kizee aliyepewa dawa. Ningepaswa kucheka. Nikamrukia.

"Unajifunza kuishi bila mimi!"

Hakuinua macho. Alichovya tena kijiko. "Najifunza ili mtoto asife njaa," alisema. "Hilo lingine sijifunzi. Sitaliweza."

Nilikaa chini kwenye gunia. Nikamwonyesha kwamba kijiko huwekwa pembeni mwa mdomo, siyo katikati. Tulimnywesha pamoja, na hatukutajiana lori.

Tulilizungumza siku nyingine, mchana, wateja wakiwa wachache. Alisema angefunga duka anifuate. Nikamwambia akivuka mpaka bila ruhusa, huku wataandika kwamba amejiunga na wapiganaji, na hatarudi tena, na mtoto atakuwa na wazazi wawili wageni badala ya mmoja. Alijua hayo. Alitaka tu nijue kwamba aliwaza kunifuata. Nilijua.

Akamtafuta dereva wa lori aliyekuwa akipita Modogashe na misafara ya askari. Barua zilisomwa vizuizini na zilikuwa zinaleta matata, kwa hiyo tulimpa ujumbe wa mdomo kwa baba yangu. Baba alikuwa katika kijiji cha serikali karibu na Modogashe, pale wafugaji walipokusanywa wakae chini ya macho ya askari. Ujumbe ulikuwa mfupi: aje aseme nilipozaliwa. Nilimkaririsha dereva mara tatu. Lakini mtu aliyesimamishwa njiani mara nne na kumwagiwa mzigo wake chini, si ajabu asahau maneno. Kilichomfikia baba kilikuwa hiki tu: binti yako anapelekwa ng'ambo.

Zikiwa zimebaki siku nne, asubuhi, mtoto wa jirani alikuja akasema kuna mzee na ngamia nje. Nilidhani ni muuza maziwa. Nikatoka na kikombe mkononi.

Alikuwa baba. Miguu yake ilikuwa imepasuka, na kikoi chake kilikuwa kimegeuka rangi ya vumbi la njia. Nyuma yake alisimama ngamia jike wa kijivu, na ubavuni mwa ngamia ndama wake dume, miguu mirefu, anamnyonya mamaye katikati ya barabara bila kujali serikali ya mtu.

"Aabo," nilimwita, ndivyo tunavyomwita baba, "umepitaje?"

"Ngamia ana karatasi," alijibu.

Lazima nieleze hapa. Kwetu mtoto akizaliwa, baba yake humpa ngamia jike. Huitwa ngamia wa kitovu. Katika nyumba yetu kitovu kilifungwa kwa unywele wa mkia wa ngamia huyo, na tangu saa ile yeye na uzao wake ni mali ya mtoto. Kwa kawaida ilikuwa heshima ya wavulana. Baba alinipa mimi, msichana, tena ndani ya kizuizi, ngamia wakiwa hata si mikononi mwake. Wanaume wenzake walimcheka. Alinyoosha mkono juu ya ua, akamwonyesha mmoja, akasema yule wa kijivu ni wangu.

Ngamia yule wa kwanza alikwisha kufa. Huyu aliyesimama mlangoni kwangu alikuwa mjukuu wake. Nilipoolewa na mtu wa mjini nilimwacha kwa baba, maana Garissa ngamia hana pa kulala. Shingoni mwake alikuwa na kifuko cha ngozi kilichofungwa kwa uzi, cheusi kwa mafuta ya miaka. Tangu utoto nilikiona kwenye shingo ya bibi yake, kisha ya mama yake, na siku zote nilidhani ni hirizi.

"Vizuizi vitatu," baba alisema, akikalia kigoda. "Kila mahali wananiuliza kibali, nawapa karatasi ya ngamia. Wanaona muhuri wa serikali. Mmoja aliishika juu chini, akaikunja vizuri akanirudishia."

"Umekuja kunisemea ofisini?"

Akanishangaa. Hakuwa amesikia habari ya kusema lolote. "Nimekuletea ngamia wako," alisema. "Ana maziwa. Huko unakopelekwa, usije ukamwomba mtu maziwa."

Nililia. Sijui niliseme vipi jambo hilo kwa namna nyingine. Nililia mpaka kikombe kikanitoka mkononi, na baba yangu, ambaye hakuwahi kujua afanye nini na mwanamke anayelia, aliinuka akaenda kumkuna ngamia shingo.

Mume wangu ndiye aliyeuliza, "Hiyo karatasi inasema nini, mzee?"

"Inasema ngamia asishikwe."

"Imeandikwa hivyo?"

"Mimi nitajuaje? Haijawahi kushindwa."

Walifungua uzi wa kifuko. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imekuwa laini kama kitambaa. Mume wangu aliifungua juu ya gunia la sukari. Iliandikwa Kiswahili, kwa mkono wa karani fulani wa enzi za Mwingereza, na muhuri chini. Aliisoma kimya. Akakaa. Akaisoma tena kwa sauti, na maneno yake nimeyashika mpaka leo:

"Ngamia jike mmoja, wa kijivu, arudishwe. Si mali ya mshtakiwa. Ni mali ya mtoto wake mchanga wa kike, aliyezaliwa hapa katika boma la Modogashe juma hili."

Halafu jina la baba yangu, na la baba yake, na la baba wa baba yake, na tarehe.

Wakati ule wa hukumu, baba alisimama mbele ya Mzungu akashikilia kwamba ngamia wote wamchukulie, lakini yule mmoja si wake, ni wa mtu mwingine, na mtu huyo hajavuka mstari wowote kwa kuwa ana siku tano tangu azaliwe. Mzungu alicheka, akamwamuru karani aandike. Baba alihesabu kwamba karatasi ni ya ngamia, basi akamvisha ngamia. Miaka yote hiyo ngamia wangu alikuwa na karatasi zake kamili, na mimi sina hata moja.

Tulikwenda ofisini sote watatu, mtoto akiwa mgongoni kwangu. Karani aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Akaiangalia juani, akaulinganisha muhuri na mwingine kutoka kabatini. Akamuuliza baba jina lake, la baba yake na la babu yake, na mimi nikatafsiri, na kila jina lililotoka kinywani mwa baba lilikuwa pale kwenye karatasi.

"Mama," karani aliniambia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu, "ungenitajia ngamia tangu siku ile."

"Hukuuliza ngamia," nilimjibu.

Aliingia kwa afisa akakaa muda mrefu. Alipotoka alisema wamekubali. Ningeandikwa kuwa nimezaliwa Kenya na ningepewa karatasi yangu siku hiyo hiyo. Jambo moja tu. Ushahidi lazima ubaki kwenye faili.

Nilimtafsiria baba. Akauliza, "Ibaki siku ngapi?"

"Ibaki kabisa, mzee," karani alisema. "Faili huenda Nairobi."

Baba aliiangalia ile karatasi mezani. Mimi nilijua anachokiona, kwa kuwa na mimi nilikiona: njia yote ya kurudi Modogashe, vizuizi vitatu, na ngamia asiye na kitu shingoni. Mifugo iliyokutwa njiani bila kibali ilichukuliwa, wakati mwingine ilipigwa risasi. Nikauliza kama wanaweza kumwandikia kibali. Karani akamwandikia cha mtu mmoja kurudi kwake. Cha mifugo hutolewa na ofisi nyingine, alisema, na mwenye ofisi hiyo alikuwa safarini.

"Tusubiri," nilimwambia baba kwa lugha yetu. "Turudi nyumbani kwanza tufikiri. Zimebaki siku nne."

Baba alinyoosha mkono wake, akaisukuma karatasi taratibu mpaka upande wa karani.

"Mwambie aiweke," alisema.

Nikatafsiri.

Karani yule, bila kuombwa, alichukua karatasi mpya akainakili yote kwa mwandiko wake mzuri, neno kwa neno, akampa baba kwa mikono miwili. Muhuri hakuweza kuuweka, alisema, maana hiyo ni nakala tu. Baba akamshukuru, akaikunja, akaitia katika kifuko cha ngozi.

Mume wangu alimsihi amwache ngamia kwetu. Baba alikataa. Pale mjini malisho yalikuwa nje ya ulinzi na hakuna aliyeruhusiwa kwenda, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto wadogo wa mke wake wa pili wanaongoja maziwa hayo. "Nimekuja naye kwa sababu ulikuwa unaondoka," aliniambia. "Sasa huondoki." Aliona mambo yamenyooka kabisa. Akanywa chai vikombe vitatu, akambeba mtoto, akamsemesha kwa muda mrefu sikioni. Baadaye aliniambia alichomsemesha. Binti yangu alizaliwa mjini na hakupewa ngamia wa kitovu, basi ndama jike wa kwanza wa huyu wa kijivu atakuwa wake.

Aliondoka mapema ili awe mbali kabla ya jua kuzama. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu mkononi mpaka ndama akatoweka nyuma ya nyumba za mwisho.

Baada ya hapo nilimsumbua mume wangu anifundishe kusoma. Sikutaka tena kuishi na kitu nisichojua kimesema nini. Alinifundisha kwa maandishi ya magunia na pakiti za majani ya chai. Nilikuwa mwanafunzi mbaya, nagombana na herufi, naye alikuwa mwalimu wa kunichekea. Lakini nilisoma.

Habari za baba zilikuja kwa madereva wa malori. Ya kwanza ilichukua majuma: mzee amefika salama, ngamia wako hajambo. Nilimpa dereva chai ya bure mwezi mzima. Halafu: mvua imenyesha, ngamia amenenepa. Mwaka uliofuata: ngamia ana mimba. Kisha, vita vikiwa vinaelekea kuisha, ikaja ile niliyoisubiri: amezaa, tena jike, kijivu kama mama yake, ila masikio meupe. Nilimwinua binti yangu juu nikamwambia kwamba sasa ni tajiri. Kila jioni alitaka nimweleze habari ya masikio.

Amani ilipotangazwa na njia zikafunguka, nilimchukua tukapanda lori kwenda Modogashe. Kizuizini nilitoa karatasi yangu kabla sijaulizwa. Askari hakuiangalia hata kidogo.

Baba alikuwa amezeeka haraka kuliko miaka yenyewe. Alimshika mjukuu wake mashavu, akacheka, akatupa chai yenye maziwa ya mbuzi. Niliona ni maziwa ya mbuzi.

"Ngamia wako wapi, Aabo?"

"Malishoni," alisema.

Tulikaa. Binti yangu alikwenda mara kumi kuangalia njiani, akirudi anauliza kama masikio meupe yataonekana kwa mbali. Jioni mifugo ilirudi. Mbuzi sita, na kaka yangu mdogo nyuma yao akipiga mluzi. Mtoto alisubiri vumbi litulie, akidhani walio wakubwa wanakuja nyuma.

Baba alikuwa anaangalia mikono yake.

"Aabo," nilimwambia.

"Kizuizi cha kwanza," alisema. "Siku ile ile. Nilikuwa bado naona mabati ya Garissa. Askari alisoma karatasi ya karani wenu, akasema haina muhuri." Akaigeuza mikono yake. "Walimchukua yeye na ndama. Ndama alilia sana."

Alitembea siku tano kurudi kwake. Mtu aliyekuja Garissa ili mimi nisije nikaomba maziwa ugenini, aliomba maziwa njia nzima, nyumba kwa nyumba, katika nchi yake. Na alipofika alimtafuta dereva wa lori, akamwambia aniambie ngamia hajambo.

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira yangu, ambayo haijawahi kunitupa, nikaikosa.

"Mbona hukuniambia?"

"Karatasi ilikuwa moja," alisema baba, "nanyi mlikuwa wawili."

Kisha akaniomba aione yangu. Nikaitoa, nikamwekea kiganjani. Aliigeuza, akapitisha kidole juu ya muhuri, akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea mwenyewe, herufi kwa herufi, jina langu, jina lake, jina la baba yake, na mahali nilipozaliwa. Nilipotaja Modogashe sikuona haya hata chembe. Akaniomba nilisome tena neno hilo, nikalisoma tena.

Binti yangu alikuja akaegemea goti la babu yake. Alikuwa amechoka kuangalia njia. "Ndama wangu yuko wapi?" aliuliza.

Baba alinitazama. Mimi ni mtu nisiyependa uongo, na nimewachapa watoto wangu kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Mwambie, Aabo," nilisema. "Mwambie ndama alivyo."

Akampakata, akaanza na masikio.